Noti ya juu bila kukaza shingo: mwongozo kwa mwimbaji wa taarab anayejinoa mwenyewe

Karibu kila wimbo wa taarab una pahala pake pa kupanda. Huenda ikawa kipande cha mwisho cha ubeti, huenda likawa neno moja tu ndani ya kiitikio, lakini wasikilizaji wanapajua na wanapangojea. Wanaotaka kutunza wameshainuka vitini, pesa mkononi. Mwimbaji naye anapajua, na kwa kuwa anapajua, shingo inaanza kukaza mapema, mabega yanapanda, na akifika pale sauti inapasuka au inageuka ukelele.

Nimewaandikia wale wanaoimba kwa mapenzi. Mchana una kazi zako, baada ya isha unakwenda mazoezini, umeitikia nyuma ya waimbaji wakubwa kwa muda mrefu na sasa umepewa wimbo wako mwenyewe. Mwalimu wa sauti huna. Neno langu kubwa kwako ni kwamba noti ya juu hutengenezwa chini, kwenye pumzi na kwenye noti mbili tatu zinazoitangulia. Ukishafika juu huna tena unaloweza kurekebisha. Kwa hiyo mazoezi yako mengi yatakuwa ya sauti ndogo, na mwanzoni utaona kama hufanyi kitu. Vumilia.

Kinachotokea kooni

Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti. Ukiimba noti ile iitwayo "la" ambayo wapigaji huitumia kutunia ala, ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde), nyuzi hizo zinakutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Ukipanda oktava moja zaidi ni mara 880. Ili ziende kasi hiyo hazina budi kuvutwa, ziwe ndefu na nyembamba, kama uzi wa udi unavyopanda mpigaji anapoukaza. Anayepanda kwa kupaza hufanya kinyume chake. Huzishika nyuzi zikiwa bado nene, akaongeza pumzi kwa kishindo, mpaka ulimi na misuli ya shingo ikaingia kusaidia kazi isiyokuwa yao.

Sauti nene ya chini waimbaji huiita sauti ya kifua, na ile nyembamba ya juu sauti ya kichwa. Baina yake pana mpito. Wengi wetu, wanawake kwa wanaume, tunakutana nao jirani ya noti za "mi" na "fa" zilizo juu ya "do" ya kati ya kinanda, ingawa kwa mmoja huwahi na kwa mwengine huchelewa. Hapo sauti hutetereka au huruka. Huo si ugonjwa wala si dalili ya kukosa kipaji; kila koo lina mpito wake, na waimbaji tunaowasifu wanao pia. Wao wamejifunza kuanza kupunguza uzito noti tatu nne kabla, kiasi kwamba msikilizaji hausikii.

Pima kwanza, usiruke hapa

Kabla ya zoezi lolote, jua noti yako ngumu ni ipi hasa. Mwombe mpiga kinanda au mpiga fidla akutajie, au tumia programu ya simu ya kupimia noti. Iandike, pamoja na neno linaloangukia hapo na irabu ya neno hilo. Utastaajabu ni waimbaji wangapi wanaohangaika na noti wasiyoijua jina.

Kisha ijaribu mdomo umefumba, kwa sauti ndogo kabisa. Pana mambo mawili yanayofanana kwa nje ila dawa zao ni mbali mbali. La kwanza ni kwamba noti iko juu ya uwezo wako wa sasa. La pili ni kwamba hujui inakaa wapi. Katika taarab hili la pili ni la kawaida sana, kwa sababu nyimbo za zamani zimejengwa juu ya maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, kama rast na bayati, ambazo baadhi ya noti zake hukaa katikati, baina ya vibonye viwili vya kinanda. Anayejifunza kwa kinanda tu anaitafuta noti ambayo kinanda chake hakina. Sikio linasitasita, koo nalo linabana. Dawa yake ni kukaa karibu na mpiga qanuni (ala ya nyuzi nyingi) au nai (filimbi), umwombe airudie noti ile taratibu, usikilize tu bila kuimba, mpaka uisikie kichwani kabla hajaipiga. Ndiyo maana nawahimiza vijana waende kwenye vikundi vikongwe. Nadi Ikhwan Safaa kimekuwepo tangu mwaka 1905, na mazoezi ya vikundi vya namna hiyo hukunoa masikio hata usipoimba neno. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, nacho kimewafundisha wengi maqamu kwa utaratibu.

Ikiwa umeshaijua noti vizuri na bado huifikii hata kwa sauti ndogo, endelea na hatua zinazofuata kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo, kama bado haiji, omba ufunguo ushushwe, yaani wimbo mzima uanzie noti ya chini zaidi. Hilo nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanaliona ni aibu. Wimbo uliotungiwa koo jengine hauna haki ya kuliharibu koo lako.

Hatua ya kwanza: pumzi

Simama, miguu iachane kidogo, mikono ubavuni juu kidogo ya kiuno. Vuta pumzi kimya kimya. Mbavu za chini zifunguke zikisukuma viganja vyako, tumbo lilegee, mabega yasiinuke hata kidogo. Kisha toa pumzi kwa mlio wa "sss" mwembamba ulio sawasawa, mbavu zikibaki wazi kadiri unavyoweza. Ukisikia "sss" inaanza kwa nguvu na kumalizikia kwa kuyumba, ndivyo na sauti yako inavyokwenda ndani ya mstari. Dakika mbili zinatosha.

Waliopita chuoni wakasoma Kurani kwa tajwidi, yaani kwa kanuni zake za usomaji, wana mtaji hapa. Ile kazi ya kuvuta madi (irabu ndefu) kwa hesabu zake, na kujua pa kusimama na pasipofaa kusimama, ni malezi ya pumzi ambayo wengi wetu tumeyapata tangu utotoni. Adabu inataka zoezi la nyimbo lisifanywe kwa aya. Chukua hesabu na utulivu ule tu.

Kosa linalowapata wengi ni kujaza pumzi mpaka juu kwa kuogopa noti ya juu. Pumzi ikizidi hugonga nyuzi kwa nguvu. Noti ya juu inataka pumzi kidogo inayokwenda bila kukatika.

Hatua ya pili: mrija ndani ya glasi

Zoezi hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na halina gharama. Chukua mrija wa kawaida wa madafu na glasi yenye maji nusu. Ingiza mrija ndani ya maji kiasi cha vidole viwili, usiguse chini. Funga midomo kuuzunguka, kisha imba "u" kupitia mrija, noti moja iliyo chini na yenye raha. Maji yatachemka. Sasa yaangalie, maana yatakueleza yote yanayotokea kooni.

Mapovu yakiwa madogo na yanakuja kwa mfululizo, pumzi yako iko sawa. Panda nusu noti, halafu nusu noti nyengine. Ukifika karibu na mpito wako mapovu yatabadilika. Yakilipuka na maji kuruka nje ya glasi, unasukuma. Yakikatika ghafla ilhali unahisi bado unaimba, umebana koo. Rudi noti mbili chini, tuliza, panda tena. Lengo ni kuivuka noti yako ngumu na mapovu yasijue kwamba umepanda.

Sababu ya kufaa kwake ni kwamba maji na wembamba wa mrija hurudisha shinikizo la hewa nyuma mpaka kooni. Shinikizo hilo huziacha nyuzi zikutane kwa upole zaidi, hivyo unaweza kuzizoesha kwenye urefu wa juu bila kuzipondaponda. Angalia pua isivujishe hewa: ibane kwa vidole katikati ya noti, na kama mlio utabadilika, hewa ilikuwa inapitia huko.

Fanya kwa dakika tano, kisha toa mrija na imba "u" ile ile ukiwa na hisia ile ile. Utaona noti inakuja kwa wepesi uliokuwa huujui. Wepesi huo haudumu siku ya kwanza, hukaa kidogo kidogo kadiri unavyorudia. Siku usiyokuwa na mrija, fumba midomo bila kukaza na pulizia pumzi mpaka midomo ipigepige, "brrr", huku ukipanda na kushuka. Kazi yake ni karibu sawa.

Hatua ya tatu: mteremko

Kwa "u" au "ng'" (ile ya mwanzo wa neno ng'ombe), anza chini, teleza mpaka juu bila kukata, kisha shuka. Usipande ngazi kwa ngazi. Teleza. Mpito ukija, ipunguze sauti badala ya kuipaza. Ikipasuka hapo, iache ipasuke, usiikasirikie wala usikaze; rudia polepole zaidi. Mara sita au saba zinatosha. Vuka noti unayoitaka kwa noti moja au mbili juu yake, kwa sababu noti iliyo kwenye mpaka wa mwisho wa uwezo wako haitakutii mbele ya watu.

Hatua ya nne: irabu

Kiswahili kimetupa bahati ambayo waimbaji wa lugha nyingi hawana. Karibu kila silabi yetu inaishia na irabu iliyo wazi, na irabu ndiyo inayobeba sauti. Ila irabu hizi tano hazipandi kwa namna moja. "A" ikipanda ikiwa pana, mdomo ukienda masikioni, hugeuka ukelele, basi ivute kidogo kuelekea "o", midomo ikiwa na duara. "I" inabana kwa sababu ulimi umeinuka. Iache ilegee kuelekea "e". "E" ifungue taya chini, sio pembeni. "U" na "o" zinapanda kwa urahisi, lakini juu kabisa zinataka taya lishuke zaidi kuliko unapozungumza.

Mabadiliko haya ni madogo. Aliyeko mstari wa mbele anapaswa kuendelea kusikia neno lile lile, kwani taarab ni maneno, na mwimbaji aliyeyapoteza maneno ili apate noti amepoteza zaidi. Jirekodi kwa simu, kisha mpe mtu asiyeujua wimbo akwambie amesikia neno gani.

Hatua ya tano: fanya kazi ndani ya mstari

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo wengi wanapopitia mbio. Chukua mstari wa mizani kumi na sita, nane kwa nane, kama tungo nyingi za taarab zilivyo. Nautunga mmoja wa mazoezi:

Jahazi limeshatweka, bandarini halirudi.

Tuseme mahadhi yanapanda kwenye "bandarini", na noti ya juu kabisa imeangukia silabi "ni".

Kwanza tafuta pumzi. Mtunzi ameshakuwekea kituo: kina cha kati, hapo kwenye "tweka". Vuta pumzi hapo, ndogo na ya kimya, hata kama unahisi bado unayo. Anayevuka kina cha kati bila kuvuta ili aonyeshe pumzi ndefu atafika "ni" akiwa mtupu.

Pili, toa konsonanti. Imba irabu peke yake, kwa sauti ndogo: a-a-i-i-e-a-e-a, kisha a-a-i-i, a-i-u-i. Sasa utaona tatizo lilipo. Kabla ya "ni" kuna "ri", nayo ni "i" vile vile. Silabi mbili za ulimi ulioinuka zimefuatana, na ukibana kwenye "ri", "ni" umeshaikosa. Kwa hiyo legeza kwenye "ri", iwe nusu ya njia kuelekea "e", na "ni" itakuta mlango uko wazi.

Tatu, rudisha konsonanti moja moja. "Nda" inakusaidia: ile "n" yake ni mvumo, itumie kuipandisha sauti puani na usoni kabla ya "a". "B" ya mwanzo igongwe kwa wepesi. "H" ya "halirudi" inakula pumzi, basi iguse tu.

Nne, punguza uzito kuanzia "ba". Hii ndiyo siri ya mstari mzima. Ukiianza "ba" kwa sauti nene ya kifua kwa sababu iko chini na ina raha, huna tena nafasi ya kuwa mwembamba silabi tatu baadaye. Ianze nyepesi kuliko inavyokutaka uianze.

Tano, shusha mstari mzima noti tatu, uimbe hapo mpaka uwe mwepesi, ndipo uupandishe nusu noti kila siku mbili tatu. Usihame mpaka pale ulipo pawe pepesi kweli. Na usiimbe ile noti ya juu peke yake mara thelathini mfululizo. Huko si kujizoesha, ni kuchosha nyuzi na kuufundisha mwili kukaza.

Vipindi vya dakika ishirini, asubuhi na jioni, vinashinda saa moja na nusu ya mara moja. Katika hizo ishirini, noti za juu kabisa zisizidi dakika tano. Maumivu hayana nafasi katika kazi hii. Koo likiwasha au sauti ikikwaruza, simama siku hiyo. Ukwaruzaji ukifika wiki tatu bila kuondoka, nenda hospitali ukaonane na daktari wa masikio, pua na koo. Kuna vinundu vya nyuzi za sauti ambavyo mazoezi huvizidisha.

Koo na maisha ya Visiwani

Hewa yetu ina unyevu, na hiyo ni neema. Yanayotuumiza ni mengine. Kutafuna karafuu kabla ya kuimba ni mazoea ya wengi, Pemba na Unguja, na mtu huhisi koo limefunguka. Karafuu ina mafuta yanayotia ganzi. Haifungui kitu, inakuondolea uwezo wa kuhisi kwamba unajiumiza. Peremende kali za koo ziko hivyo hivyo. Tafuna baada ya kazi ukipenda, kabla hapana.

Maji unayokunywa hayapiti kwenye nyuzi za sauti, yanapita nyuma yake kwenda tumboni, na yanazifikia kwa kupitia mwilini baada ya muda. Basi anza kunywa tangu asubuhi, usingoje jukwaani. Chai ya tangawizi na asali zinaliwaza, si mbaya, ila hazikupi noti. Urojo wenye ndimu na pilipili saa tano ya usiku kisha kulala huleta asidi inayopanda mpaka kooni ukiwa usingizini, na asubuhi sauti inaamka nzito. Acha saa tatu baina ya chakula na kitanda. Kwenye harusi, kaa mbali na chetezo. Moshi wa udi ni mzuri kwa nguo, si kwa mwimbaji anayengoja zamu yake. Kuhusu sigara, watu hunitajia Bi Kidude, mwimbaji mashuhuri wa Zanzibar, aliyevuta na akaimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2013. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, na uzuri wake ulikuwa humo. Wewe unatafuta noti za juu.

Ramadhani taarab husimama, na mwili una kiu mchana kutwa. Usiache kabisa. Saa mbili tatu baada ya kufuturu, ukishakunywa maji ya kutosha, fanya mrija na mteremko tu. Noti za juu zirudishe polepole, ukianza na mstari ulioushusha noti tatu chini. Wanaoumia Sikukuu ya Idi ni wale waliokaa kimya mwezi mzima kisha wakapanda jukwaani na wimbo mgumu.

Usiku wa shughuli

Pasha sauti nusu saa kabla, kwa mrija, na uguse kilele, yaani ile noti ya juu, mara mbili tu. Ukiwa jukwaani, kinachowaponza wengi ni kutojisikia: ala zinavuma, mwimbaji anaona sauti yake imezama, anapaza, na kupaza kunamkatia njia ya juu. Omba spika moja ikuelekee, na ikikosekana ziba sikio moja kwa kiganja kwa sekunde chache ujisikie. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa zamani, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa ameshazoea kuimba katika mikusanyiko bila kipaza sauti. Wewe unacho, basi kitumie: kilete karibu kwenye noti za chini, kisogeze mbali kidogo kwenye kilele, na usiongeze nguvu yako.

Ukiamka siku hiyo sauti ni nzito, mwambie kiongozi wa kikundi tangu mchana. Qanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji hawezi kuombwa ufunguo mwengine dakika ya mwisho. Kama ufunguo haushuki, kubalianeni kwamba kilele cha kiitikio watakibeba waitikiaji nawe utakaa noti ya chini yake, na ubeti wa mwisho, ambao wengi hupanda zaidi, uuimbe kwa mahadhi ya ubeti wa kwanza.